Wazazi wa kwaya ya vijana tuombwe tulichonacho, siyo hela tu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Leo naongelea jambo ambalo niko nalo moyoni toka kamati ianze vikao vya Krismasi, nalo ni hili, sisi wazazi wenye watoto kwenye kwaya ya vijana tuombwe tulichonacho, tusiombwe hela tu. Naongea kama mama mlezi wa kwaya hapa Mtwara mjini na naongea kama mzazi, manake binti yangu anaimba alto, na nikisema tulichonacho namaanisha mihogo, nazi, kuni, bajaji, cherehani, mikono, na hata ule muda wa kukaa pale kanisani mpaka mazoezi yaishe watoto wasibaki peke yao.

Ukiwa mgeni huku kusini unaweza usielewe inakuwaje mzazi yuleyule aliyetoa laki nzima mwezi wa kumi na moja anashindwa kutoa elfu tano mwezi wa tatu. Huku kwetu hela ina msimu. Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, watu wanapeleka mzigo chama cha msingi, inauzwa, hela inaingia benki, na hapo kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili Mtwara inachangamka hadi unajua tu kwa macho, bodaboda mpya, mabati mapya, harusi kila wiki. Hata sisi tunaojiita wa mjini wengi tuna mikorosho yetu Newala, Tandahimba, Nanyamba, au tunamtegemea mtu mwenye mikorosho aje anunue kwetu. Katikati ya mwaka wenye ufuta wanapata, wenye mbaazi wanapata kidogo baadaye, lakini hela hiyohiyo inaondoka kwenye kupulizia mikorosho. Halafu inakuja januari na ada na sare za shule, halafu mvua na palizi, na ndani ya hiyo hiyo mvua ndo kuna Kwaresima na Pasaka, ambapo kwaya inahitaji kulishwa kuliko wakati wowote maana mazoezi ni karibu kila siku. Yaani kwaya inataka hela wakati ambao nyumba hazina hela kabisa.

Sasa chukua ile orodha ya michango ya grupu la WhatsApp. Nadhani kila parokia inayo. Moja, mama fulani, elfu ishirini, tiki ya kijani. Mbili, baba fulani, elfu kumi, tiki. Tatu, ahadi. Nne, jina tu, hakuna kitu. Na ile orodha inakopiwa asubuhi inakopiwa jioni, kila mtu akitoa inarudi tena, na yule wa namba nne jina lake linapita mbele ya macho ya watu siku nzima halina tiki. Mi siipendi ile orodha, nimesema kwenye kikao na nasema hapa. Mwenye nia ya kuanza kwaya kesho nitamwambia kitu cha kwanza usiweke orodha ya majina na hela. Kwa sababu nimeona kinachofuata. Mzazi anajitoa kwenye grupu kimyakimya. Wiki ya pili mtoto haonekani mazoezini, ukiuliza unaambiwa ana kazi nyumbani, ukiuliza tena unaambiwa anajisomea, na mtoto mwenyewe ukikutana naye sokoni anakusalimia anaangalia chini. Wanaopotea hivyo siyo wasioweza kuimba, maskini mmoja alikuwa na sauti ya kwanza ambayo mwalimu alikuwa anaitumia kuwavuta wenzake wote wapande.

Msimu wa 2018 kuingia 2019, ambapo hela ya korosho ilichelewa kufika mifukoni kwa watu wengi, Krismasi ikatukuta hatuna kitu na kamati ilikuwa inataka kupunguza idadi ya mazoezi kwa sababu hakuna cha kuwapa vijana. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, analima tu, akasimama akasema jamani mimi hela sina lakini mihogo ninayo, kwani hawa watoto wanakula noti? Akaleta kiroba. Kesho yake mwingine akaleta nazi. Mwingine akasema mi sina mihogo wala nazi ila kuni ziko nyuma ya nyumba waje vijana wabebe. Watoto wakala mihogo ya nazi na chai ya tangawizi ile Krismasi yote, na mazoezi hayakupungua hata moja, na mi toka hapo nikajua tulikuwa tunagonga mlango usio wenyewe.

Kwa hiyo siku hizi kwaya yetu tunafanya hivi. Tunapita jumuiya kwa jumuiya, siyo kwenye simu, ana kwa ana siku ya sala ya jumuiya, na tunaomba kitu kwa jina lake na kiasi chake. Usiseme "tunaomba mchango wenu wa hali na mali", hiyo watu wameizoea wanaitikia amina wanaenda kulala. Sema tunataka nazi kumi, tunataka kilo nne za maharage, tunataka watu wawili wa kukuna nazi jumamosi saa nne, tunataka mtu mwenye sufuria kubwa atuazime. Hapo utashangaa mikono inavyonyooka. Mtu akisikia nazi kumi anajua mwenyewe akirudi nyumbani atazitoa wapi. Na anayeleta nazi tatu na anayeleta kilo tano za mchele wote wanaandikwa kwenye daftari la mweka hazina basi, halisomwi mbele ya watu, wala halipigwi picha.

Nikupe na hesabu kidogo kwa wanaoanza. Kwaya ya vijana kama 40, wale wanaotoka shule na kazini wana njaa kweli, mchele kilo moja hesabu watu watano, usiwasikilize wanaosema kilo inalisha kumi, hiyo ni ya wageni wa heshima siyo ya mvulana wa besi wa miaka kumi na nane. Kilo nane inatosha, maharage kilo nne, nazi moja au mbili kwa kila kilo ya mchele kutegemea nazi zenyewe. Kwa siku za kawaida za mazoezi hakuna haja ya wali, mihogo ya kuchemsha na kachumbari na chai ya rangi inatosha, au uji wa mtama wenye karanga. Ila mihogo hakikisha aliyeleta anajua mbegu yake, ile michungu siyo ya kuchemsha kula, ile ni ya kukausha makopa mpaka upate unga, na mama zetu huku wanaijua kwa kuangalia shina tu lakini ukinunua sokoni uliza. Na sahani usihangaike nazo, sinia moja watoto watano, wananawa wanakaa chini wanakula, na nyie mliokula sinia moja na mtu mnajua hata waliokuwa wamenuniana juu ya nani aimbe solo wanamaliza pale.

Kitu kingine muda wa kula. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anasema kila siku kwamba watoto wakila wali mwingi nusu saa kabla ya kuimba wanaimba wamelala, pumzi fupi, wasipokula kabisa wimbo wa tatu sauti inaanza kushuka, kinanda kiko juu wao wako chini. Kwa hiyo sisi wapishi tukaambiwa kitu kinachoeleweka, chai na kitafunwa kabla, chakula chenyewe baada ya mazoezi. Na siku ya misa kubwa chakula kizito kiwe kimeliwa masaa mawili matatu kabla. Maji ya kawaida wakati wa kuimba, siyo ya baridi sana.

Sasa niwaambie kuhusu Pasaka ya 2024. Mnakumbuka ilikuwa tarehe 31 mwezi wa tatu na ilikuwa katikati ya Ramadhani. Huku Mtwara sisi na ndugu zetu Waislamu tumechanganyika mpaka ndani ya nyumba moja, na mpishi wa shughuli tunayemtegemea mtaani ni mama wa Kiislamu, bi mkubwa mmoja ambaye ana masufuria yale makubwa kabisa na hakuna harusi wala msiba ambao hayajaenda. Tulikuwa tunaona aibu kumwendea, amefunga, jua lile, utamwambiaje akae kwenye moshi awapikie watoto wa kwaya mkesha wa Pasaka? Tukaenda tu kumwomba atuazime masufuria. Akauliza, nani anapika? Tukamwambia sisi wenyewe. Akatuangalia, akasema "Nyie mtaniunguzia sufuria, nakuja."

Akaja na kijana wake saa saba mchana. Akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe wa nyuma ya ukumbi, mafiga matatu mbele yake, anatupa amri. Sisi tunakuna nazi, wawili kwenye mbuzi wawili wanakamua, tui zito pembeni tui jepesi pembeni, yeye anaangalia maji ya wali kwa kuchovya mwiko na kuuinua anaangalia jinsi yanavyodondoka. Ikafika kwenye chumvi akaniita, "Mama mlezi, njoo uonje wewe, mi nimefunga." Nikaonja nikasema bado. Akaongeza kidogo kwa vidole. Nikaonja nikasema hapo hapo. Akatikisa kichwa akafunika, akachukua makaa kwa koleo akayapanga juu ya mfuniko mmojammoja, kwa mpango, siyo kumwaga, na akakaa. Wali ule mi sijaula tena mwingine kama ule. Vijana wakala saa kumi na moja ili mpaka komunyo ya mkesha wawe wameshamaliza zamani, na wamama wawili wa chama cha Legio ya Maria wakawa wametenga jiko la pembeni wanapika uji na mihogo ya nazi na samaki, na adhana ya magharibi ilipolia, bi mkubwa na kijana wake wakafuturu palepale kwenye mkeka, na tende walituletea watu wa duka la jirani bila kuombwa. Vijana walikuwa wanapasha sauti ndani ya kanisa. Yeye akasema waimbe wanangu, waimbe vizuri, mi naenda tarawehe.

Na siku ya Pasaka yenyewe kuku walichinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama tunavyofanya siku zote kwenye shughuli za watu wengi, ili anayekuja kula asiwe na wasiwasi. Hilo kwetu wala halina mjadala ila nimeliandika kwa ajili ya vijana wanaotoka huku kwenda kuishi mbali, wajue wametoka wapi.

Safari nayo ni jambo lingine. Tulipowapeleka vijana kuimba Ndanda, kule kwenye abasia ya watawa Wabenediktini, mwendo wa masaa matatu na zaidi kwa Coaster, wazazi walitaka kuwafungia wali wa nazi kwenye madeli. Nikakataa kabisa. Wali wa nazi kwenye joto la Mtwara, umefunikwa, gari inatingishika, ikifika Mnazi Mmoja ile ya Lindi ushachacha, na watoto wakiharisha njiani kwaya imekwisha. Chakula cha safari ni kikavu jamani, chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kukaanga, karanga, korosho za kubangua wenyewe, ndizi, maji mengi. Ukitaka wapate cha moto panga mapema na kwaya mwenyeji au parokia ya njiani. Sisi parokia moja ya njiani walitupikia ugali na mbaazi na tukawaachia mchele na sukari tuliyokwenda nayo.

Kwenye safari hiyo kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtoto wake anaimba teno. Alishatuambia mapema kwamba hana cha kuchangia zaidi ya kusindikiza. Basi tulipopita Nyangao akasimama kwenye gari akaanza kuwaeleza vijana kwamba misheni ya pale ilichomwa moto 1905 wakati wa Maji Maji, na ile ya Lukuledi vilevile, na Wabenediktini walivyorudi ndo wakaanzisha Ndanda 1906, na akawaeleza kwa nini babu zetu walipigana, kodi, kulimishwa pamba kwa nguvu, viboko, akawaeleza pande zote mbili bila kuficha. Watoto ambao huwa wana simu masikioni safari nzima wakazitoa. Tulipoingia kanisa la abasia wakaimba kama watu wanaojua wamesimama wapi. Sasa huyo mzee kwenye orodha ya tiki angeandikwa nini? Sifuri.

Sikatai hela. Mafuta ya gari yananunuliwa kwa hela, betri ya kinanda, vitambaa vya sare. Hela tunazichukua msimu wa korosho, watu wakiwa nazo, tunazitunza benki mpaka Pasaka, na waliokosa hatuwafuati. Hata sare, wamama wanaojua cherehani wanashona bure tukinunua kitambaa na uzi, na kwa vile kitambaa kinanunuliwa kwa jora moja bei inashuka. Mzazi asiye na hela kabisa mwanaye anavaa sare ileile siku ileile na wenzake, hakuna anayejua.

Ila msaada ninaouthamini kuliko wote siyo chakula, ni kurudisha watoto nyumbani. Mazoezi yanaisha saa mbili usiku, wengine wanakaa Chuno, Naliendele, wengine njia ya Mikindani huko. Binti wa miaka kumi na sita akitembea peke yake usiku au akipanda bodaboda asiyoijua, hakuna wimbo wenye thamani hiyo. Tuna baba wawili wenye bajaji wanapeleka kwa zamu, wenye kukaa karibu wanasindikizwa kwa miguu na mzazi, na sheria yetu ni mlezi haondoki mpaka simu ya mwisho imesema mtoto kafika. Na ndani ya mazoezi lazima awepo mzazi wa kike mmoja na wa kiume mmoja, wamekaa, hata kama wanachambua maharage. Kuna watu waliona tunawashuku walimu wa kwaya. Hapana, tunawalinda watoto na tunamlinda na mwalimu mwenyewe, na mwalimu wetu yeye ndo wa kwanza aliyeunga mkono.

Halafu kuna kidato cha nne. Mtihani wao ni mwezi wa kumi na moja, palepale kwaya inapoanza nyimbo za Krismasi, na wazazi wengi wanawatoa watoto kwaya toka mwezi wa nane, sasa mtoto kutolewa kwaya hakumfanyi asome, anakaa tu. Mzazi mmoja mwalimu wa hesabu akajitolea saa moja kabla ya mazoezi, kwenye darasa la katekesi, anakaa nao. Mwingine wa kiingereza akaja. Kwa hiyo mtoto anafika saa kumi anasoma, saa kumi na moja chai na mihogo, halafu anaimba kidogo anaondoka mapema. Wazazi waliacha kuwatoa.

Najua wapo wanaosema tunawadekeza, kwamba zamani sisi tuliimba na njaa na hatukufa, kwaya ni utume siyo hoteli. Nimesikia hata kwa watu ninaowaheshimu sana. Naomba nijibu kwa heshima, ni kweli tuliimba na njaa, na ni kweli wenzetu wengi waliacha njiani na hatukuwafuata kuwauliza. Mi kijana wa miaka kumi na saba ambaye anatoka kubeba matofali anakuja kanisani kumwimbia Mungu sauti nne badala ya kwenda kijiweni, nikimpa mihogo sijamdekeza. Na mama yake akijua kwamba mihogo ile imetoka kwenye shamba lake, anakaa kwenye benchi jumapili anasikia kwaya anasema ile ni yangu.

Sasa ya mwaka huu. Nazi tumepata, kuni tumepata, jumuiya mbili zimesema maharage ni yao mpaka mkesha. Mchele tunasubiri minada. Kinachopungua ni mtu wa kuwarudisha vijana wa Chuno na Naliendele jumatano na ijumaa, maana baba mmoja wa bajaji amehamia Lindi kikazi. Mwenye bajaji, mwenye gari, au hata mwenye miguu na tochi tu, anione jumapili baada ya misa ya pili, nakuwa pale nje ya mlango wa sakristia na daftari.